Nilivyopima ukakamavu wa jeli ya kolajeni na kasi ya protini inayotoka ndani yake

Nilipokuwa nikitafuta jeli inayofaa kubebea dawa ya vidonda, nilihitaji kujua ukakamavu wa kolajeni (protini ya nyuzinyuzi inayopatikana kwenye ngozi na kano) na kasi ambayo protini iliyomo ndani yake hutoka. Uamuzi ulionifaa kuliko mwingine wowote ni kupima yote mawili kwa jeli za mchanganyiko mmoja, kwa kuwa tofauti ndogo ya pH au halijoto hutosha kubadili nyuzi za kolajeni zinavyojiunga.

Nilitumia kolajeni ya aina ya kwanza itokanayo na kano za mkia wa panya, iliyoyeyushwa katika asidi ya asetiki. Juu ya barafu niliichanganya na bafa ya fosfeti (mmumunyo unaozuia pH isiyumbe) yenye albumini ya ng'ombe, protini ambayo ningeipima ikitoka, kisha nikaongeza hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone hadi pH 7.4. Kolajeni hunata kwenye pipeti, kwa hiyo niliivuta polepole, maana hata kiputo kimoja huharibu kipimo.

Mchanganyiko niliumimina kati ya sahani mbili za reometa, mashine inayopima ukakamavu wa vitu laini, ukiwa bado kimiminika, nikazungushia ukingo mafuta ya madini ili maji yasivukizwe, ndipo nikapandisha joto hadi nyuzi 37. Sahani ya juu ilicheza huku na huku kwa hezi 1 na mnyumbuko (kiasi jeli inavyopindishwa) wa asilimia 1 tu, ili jeli changa isivunjike, huku moduli ya unyumbufu, yaani kipimo cha ukakamavu, ikipanda hadi ikatulia. Kipimo cha mnyumbuko mkubwa nilikiacha mwisho kabisa, kwa sababu huivunja jeli.

Upande wa protini ndio uliohitaji uangalifu zaidi. Nilifunika jeli kwa bafa, nikawa nachota kiasi kilekile kila baada ya muda na kurudishia bafa mpya, kisha katika hesabu nikajumlisha protini iliyokwisha kuchotwa. Vipimo vya kawaida vya jumla ya protini husoma pia kolajeni inayomeguka kutoka kwenye jeli, na kwa hiyo nilitumia albumini iliyotiwa fluoresini, rangi inayong'aa ikimulikwa, inayosomwa kwenye nanomita 519, pamoja na jeli zisizo na albumini za kulinganishia. Mwishoni niliyeyusha jeli kwa kimeng'enya cha kolajenase ili kupima albumini iliyobaki. Iliyotoka na iliyobaki zikijumlishwa zinapaswa kukaribia kiasi nilichotia mwanzoni, na jumla isipokaribia, mimi siuamini mchoro wa kasi ya protini hata ukipendeza vipi.

Kuongeza kolajeni kuliikakamaza jeli waziwazi, lakini albumini iliendelea kutoka kwa kasi ileile au karibu nayo. Albumini ina upana wa nanomita chache tu, nayo hupita kati ya nyuzi hizo kama dagaa kwenye jarife. Ndipo nikageukia heparini, molekuli ndefu ya sukari, ambayo kwa chaji yake hasi huzishika protini nyingi za ukuaji, na kila jeli yenye heparini naianzia kwenye reometa, kwa kuwa heparini nayo hubadili jinsi nyuzi zinavyojijenga.