Rosasia si chunusi: ninavyoutunza uso wangu

Kama una vipele usoni lakini huoni kichwa cheusi hata kimoja, weka kando kwanza dawa za chunusi. Chunusi huanzia kwenye vinyweleo vilivyoziba. Rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso unaoleta wekundu na vipele, haina mambo hayo. Hukaa katikati ya uso: mashavuni, puani, kidevuni, kwenye paji. Mara nyingi hutanguliwa na joto. Uso unawaka ghafla, unachonyota, kisha unatulia, mpaka siku unapogoma kutulia.

Maelezo mengi huanza na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu wekundu huo ni kahawia iliyokolea, karibu na zambarau, na hauonekani usipoutafuta. Mimi hubonyeza shavu kwa kitako cha glasi safi. Rangi ikififia chini ya kioo na kurudi nikiachia, ni damu iliyojaa kwenye vimishipa. Ikibaki vilevile, huenda ni doa tu la vipele vya zamani. Uamuzi wenyewe ni wa daktari wa ngozi, maana hata lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, hubadilisha rangi ya mashavu.

Kosa linaloharibu nyuso nyingi ni krimu ya steroidi. Inadanganya vizuri sana: hubana mishipa, na ndani ya siku chache uso ni shwari. Ukiipaka kwa wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inatanuka, na ukiacha tu vipele vinarudi vingi kuliko mwanzo. Hapo mtu hudhani dawa ilikuwa inamfaa, anairudia. Soma viambato: betamethasoni, klobetasoli, mometasoni. Klobetasoli hujificha hata kwenye krimu za kung'arisha ngozi. Kama umeitumia muda mrefu, mwambie daktari ili akupangie namna ya kuiacha, na ujue wiki za mwanzo zitakuwa mbaya.

Kunawa ni kwa maji ya vuguvugu, ncha za vidole na sabuni laini isiyo na manukato. Hakuna dodoki wala skrabu. Taulo naligusisha tu, sisugui, halafu nasubiri kama dakika 10, kwa sababu dawa ikipakwa kwenye ngozi yenye unyevu huchonyota zaidi. Chochote chenye mentholi, kafuri au spiriti hakigusi uso wangu, hata kiwe kimeandikwa "cha kutuliza".

Dawa za vipele ziko kadhaa. Krimu ya ivermektini ya asilimia 1 hupakwa mara moja kwa siku: kiasi cha punje ya njegere kwa kila sehemu kati ya tano, yaani paji, pua, kidevu na kila shavu. Hupunguza uvimbe na pia utitiri wa Demodex, vijidudu ambavyo kila mtu mzima huwa navyo usoni ila kwenye rosasia huzidi. Metronidazoli ya asilimia 0.75 hupakwa mara mbili, kadhalika jeli ya asidi azelaiki ya asilimia 15, ambayo mwanzoni huwasha kidogo. Usiihukumu yoyote kabla ya wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu, wakati ndiyo kwanza inaanza kazi. Vipele vikizidi, daktari huongeza doksisaiklini ya miligramu 40 inayoyeyuka polepole, kipimo kidogo cha kutuliza uvimbe, si cha kuua bakteria. Meza kwa maji ya kutosha ukiwa umekaa wima. Mjamzito haitumii.

Vimishipa vinavyoonekana kama nyuzi puani havitaondoka kwa krimu hizo. Dawa yake ni leza.

Jua ndilo adui wa kila siku. Krimu ya kinga ya jua ya SPF 30 (kipimo cha nguvu ya kinga) au zaidi, yenye zinki oksaidi, haichokozi sana ngozi. Kwetu weusi huacha uso kama umepakwa majivu, basi tafuta yenye rangi ya ngozi. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Vichochezi vingine, kama pilipili, pombe, jiko la moto au mazoezi makali, hutofautiana. Usiache vyote kwa mpigo, hutajua kipi kilikuwa chanzo. Ondoa kimoja kwa wiki mbili, andika. Kwa chai na kahawa jaribu kwanza kuziacha zipoe. Mara nyingi tatizo ni joto lake. Kipodozi kipya nakijaribu shingoni siku 3 kabla ya kukipandisha usoni.

Macho husahaulika. Yakikwaruza kana kwamba yana mchanga na kingo za kope zikivimba, kanda kwa kitambaa cha vuguvugu dakika 5, kisha safisha mashina ya kope taratibu. Yakiuma, yakiogopa mwanga au yakiona ukungu, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.