Nilivyobadilisha globu za taa za mbele, na kwa nini nilitangulia kupima umeme

Upande wa kushoto dimu (mwanga wa karibu) ilizima, fuli (mwanga wa mbali) ikawa inawaka kama kawaida. Kwenye globu ya H4 dalili hiyo inatosha kutoa hukumu. Ndani ya kioo kimoja mna nyuzi mbili, wa dimu wati 55 na wa fuli wati 60, na mmoja ukikatika mwenzake anaendelea na kazi. Laiti dimu na fuli zingezima zote upande ule, ningeanzia kwenye fyuzi na waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari. Dimu za pande zote mbili zikizima, kwanza shuku rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au swichi ya taa. Shuku tu, kwa sababu globu zilizofungwa siku moja huzeeka pamoja, na madereva wengi hawajui kuwa ya kwanza imekufa mpaka ya pili inapowaacha gizani.

Kuna dalili moja inayowapotosha wengi: taa inawaka hafifu, rangi ya chungwa, na ukiwasha dimu ile taa ya buluu ya fuli kwenye dashibodi nayo inamulika kidogo. Hapo globu haina kosa. Ethi imekatika au ina kutu, kwa hiyo umeme uliopita kwenye uzi wa dimu unatafuta njia ya kurudi kupitia uzi wa fuli. Ukinunua globu mpya, tatizo utabaki nalo.

Ndiyo maana nilichukua mita kabla ya kwenda kununua chochote. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, betri ilisoma voliti 14.1. Nikachomeka ncha za mita nyuma ya soketi ya taa bila kuichomoa, upande ule ambao bado unawaka: voliti 12.9. Ni lazima upime taa ikiwa inakula umeme. Soketi iliyochomolewa itakuonyesha voliti kamili hata kama waya umebaki na uzi mmoja wa shaba. Tofauti ya voliti 1.2 inaonekana ndogo, ila globu ya halojeni haisamehe: mwanga wake hupungua kwa kasi kuliko voliti, takribani kwa kipeo cha 3.4. Ukipiga hesabu, robo nzima ya mwanga ilikuwa inapotelea njiani. Hakuna globu ya bei mbaya itakayoirudisha.

Nikaweka ncha moja kwenye pini ya ethi ya soketi na nyingine kwenye hasi ya betri. Mita ikasoma 0.7, maana yake zaidi ya nusu ya upotevu ilikuwa upande wa ethi. Nilifungua bolti inayobana ethi kwenye bodi, nikasugua kwa msasa hadi chuma king'ae, nikakaza na kupaka grisi juu yake. Upotevu wote ukashuka hadi karibu 0.5. Ukipata zaidi ya 0.5, fuata mstari mpaka umpate mwizi: ethi, soketi iliyolegea, au kiungo cha rilei. Kinyume chake pia kipo. Betri ikisoma zaidi ya 15, altaneta inazidisha chaji, na globu zitaungua kila mara, kwani voliti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa globu hupungua karibu nusu.

Kwenye kuchagua sina mengi. Aina imeandikwa kwenye kitako cha globu ya zamani, na mara nyingi kwenye taa yenyewe au kitabu cha gari. H4 ina pini tatu. H7 ina pini mbili na uzi mmoja wa wati 55. H11 ina kitako cha plastiki chenye pete ya mpira, na hutoka kwa kuizungusha. HB3 na HB4, ambazo pia huuzwa kwa namba 9005 na 9006, zinafanana kama pacha, lakini ya kwanza ni wati 60 na ya pili wati 51, na masikio yake, yaani vichomozo vinavyoinasa kwenye taa, hayalingani. Ikikataa kuingia usichukue tupa; imekataa kwa sababu uzi wake ungekaa mahali pasipo pake. Hakikisha pia ni ya voliti 12, maana H4 ya voliti 24 ya malori ina umbo lile lile. Taa ukikuta zimeandikwa D1S, D2S na ndugu zake, hizo ni za zenoni: wakati wa kuwaka hupata zaidi ya voliti 20,000. Waachie wenye kazi yao.

Nilinunua H4 mbili za kawaida za 60/55 zenye alama ya E ndani ya duara, yaani zimeidhinishwa, zikiwa jozi. Zipo zinazojinadi kwa asilimia 100 ya mwanga zaidi. Asilimia hiyo haimaanishi mwanga maradufu kwa jumla. Huwa ni kipimo cha sehemu fulani ya barabara kikilinganishwa na kiwango cha chini kinachotakiwa. Uzi wake umetengenezwa uwe na joto kali zaidi, kwa hiyo unakufa mapema. Zenye kioo cha buluu nazipita kabisa: rangi ile ni chujio, na chujio hula mwanga. Za 100/90 ni hatari zaidi. Wati 60 kwa voliti 12 ni ampea 5, wati 100 ni 8.3, na soketi iliyotengenezwa kwa kiasi cha kwanza huanza kuyeyuka kimya kimya. Na LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni? Kiakisi cha taa kimechorwa kuzunguka uzi mdogo sana. Chanzo cha mwanga kikihama hata milimita moja, mwanga unasambaa na kumpofusha anayekuja mbele, huku barabara yako ikibaki na giza. Nchi nyingi hazizikubali zisipokuwa zimeidhinishwa kwa aina hiyo ya taa.

Kufunga kwenyewe ni dakika kumi kwa upande. Zima taa na injini, toa ufunguo, subiri robo saa ili kioo kipoe. Soketi ishike kwa mwili wake, siyo kwa nyaya, uitikise kushoto na kulia huku ukivuta. Nyuma yake kuna kifuniko cha raba chenye masikio. Kivue kwa kukivuta pembezoni. Kisha utaona kibanio cha waya. Kipige picha kabla ya kukigusa, maana ukikiachia utasahau kilinasa wapi. Kibonyeze ndani, kisogeze pembeni, kiachie taratibu. Baadhi ya vibanio havina bawaba, na kikiruka ndani ya taa utashinda siku nzima ukikivua kwa sumaku.

Toa globu ikiwa imenyooka. Itazame, ina habari. Kioo cheusi au chenye rangi ya fedha ni uzee. Kioo chenye unga mweupe kama maziwa ni hewa iliyoingia: kuna ufa. Uvimbe upande mmoja mara nyingi ni alama ya kidole cha aliyeifunga. Kioo safi na uzi uliokatika mapema ni mtikisiko au voliti zilizozidi.

Globu mpya ishike kwenye chuma pekee. Kioo chake ni cha kwazi, na chumvi na mafuta ya ngozi vikipata joto huharibu kioo mahali pale hadi kinafifia na kupasuka. Ukikigusa, futa kwa spiriti na kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kikauke kabisa. Vaa miwani pia, gesi ndani yake imeshindiliwa.

H4 ina masikio matatu, na lile pana hukaa juu. Iingize mpaka sahani ya chuma ilale sawasawa pande zote, kisha jaribu kuizungusha kwa kitako, haitakiwi kusogea. Hapa ndipo wengi hukosea: sikio moja likikaa juu ya ukingo badala ya kwenye pengo lake, kibanio bado kitafunga, na taa itamulika matawi ya miti. Rudisha raba, neno TOP likiwa juu, uibonyeze mpaka pini zote zitokeze kwa urefu sawa. Ikibaki na mwanya, mvuke utaingia na kiakisi kitapoteza mng'ao. Soketi ikiwa na weusi au imelainika, badilisha soketi yenyewe, chagua ya kauri.

Mwisho ni ukuta. Kabla ya kufungua chochote nilikuwa nimeegesha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wake, nikabandika utepe kwenye mstari wa dimu, pale mwanga unapokatika kwa juu, upande unaowaka. Kwenye taa nyingi pameandikwa asilimia ya mteremko. 1% ni sentimita 5 chini ya kimo cha taa kwa umbali huo. Mstari wa upande wa kushoto ulirudi na ukungu, ukiwa juu ya utepe. Sikugusa skrubu ya kurekebisha. Nilifungua raba tena, nikakuta sikio la chini halijaingia.