Mlango Kwenye Kalamu

Ikiwa imefungwa, kalamu ile ilinyooka kama mshale. Ukiizungusha ncha itoke, inapinda. Haikuwa sana, kiasi cha unene wa ukucha tu, lakini jicho likishaona haliachi tena. Alhamisi usiku nilikaa kitandani nikiizungusha, nafungua, nafunga, nikijisingizia kwamba ni uchovu wa macho. Jumamosi mama alikuwa anaagwa shuleni kwake.

Ilikuwa mwaka 2016. Mama alikuwa ametimiza miaka 60, umri ambao serikali inamwambia mwalimu basi, pumzika. Dada zangu walikusanya hela za friji na vitenge. Mimi, kwa kiherehere changu, nilitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba nitamtengenezea kalamu ya mpingo kwa mikono yangu. Nilikuwa na mashine ndogo ya kukereza, ya mtumba, na seti chache za vyuma vya kalamu alizoniletea rafiki kutoka Uingereza. Mpingo niliupata Mwenge kwa wachonga vinyago, masalia wanayotupa pembeni ya karakana. Mti wenyewe ni mzito hadi unazama majini, na Ulaya wanautengenezea zumari zao za klarineti. Kipande cha kalamu nilikipata kwa bei ya soda.

Ukiitazama seti unaona kazi rahisi. Mirija miwili ya shaba njano yenye upana wa milimita 7, ncha, klipu, pete ya katikati, kidude cha kuzungushia na mrija wa wino. Vyuma vyote vimekamilika, wewe unaleta mti tu. Unakata vipande viwili, unavitoboa, unagundisha shaba ndani, unasawazisha miisho, unakereza, unang'arisha, unakandamiza vyuma vyake. Hapo kwenye kusawazisha miisho ndipo nilipojiona mjanja. Kuna chombo chake kabisa: kijiti cha chuma kinachoingia ndani ya mrija bila kucheza, na kichwa chenye meno manne kinachokwangua mti mpaka ulingane na shaba. Changu kiligoma kuingia. Gundi ilikuwa imepenya ndani ya mrija ikakaukia humo. Nikakiweka pembeni, nikatandika msasa mezani, nikashika vipande kwa vidole na kuvisugua wima, wima ya kukadiria.

Ijumaa asubuhi na mapema nilikwenda Keko kwa mjomba. Maisha yake yote amekereza miguu ya vitanda na ya meza, na sidhani kama alikuwa amewahi kushika kalamu iliyokerezwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Nilimpa kalamu bila maelezo. Hakuitazama kwanza. Alipitisha ukucha wa kidole gumba taratibu pale mti unapokutana na pete, akazunguka mpaka alipoanzia. Kisha akainyanyua juu, jua likiwa nyuma yake.

"Hapa umeacha mlango," akasema.

Kweli, upande mmoja wa pete mwanga ulikuwa unapita. Upande wa pili mti ulikuwa umebana hasa. Akaizungusha kidogo kidogo, na pale ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaninyima usingizi. Mwisho wa kipande cha juu ulikuwa mshazari, na wa chini vilevile. Kalamu ikifungwa, mishazari ile miwili inafidiana, mmoja unaficha aibu ya mwenzake. Ukiizungusha nusu, kasoro zote zinaangukia upande mmoja, kalamu inapiga magoti.

"Na hapa je?" Akanishikisha kidole. Upande mmoja mti ulikuwa umeizidi pete kwa unene, upande wa pili umezidiwa. Hilo nilikuwa sijaliona kabisa. Akaniuliza vipande vinashikwaje kwenye mashine. Nikamwambia vinapita kwenye chuma chembamba, bushi, yaani vipete vya chuma, huku na huku, halafu unakaza nati. Akacheka. "Sasa unakaza nati juu ya kitu mshazari, chuma chembamba kitafanya nini? Kitapinda. Umekereza duara la kitu kilichopinda."

Nilimsihi anisaidie kupunguza ile miisho, hata kidogo, tuzibe pengo kwa vumbi la mpingo na gundi. Mafundi wengi wangefanya hivyo na mteja asijue. Mjomba alinitazama kama nimemwomba aibe.

"Si ni ya dada yangu hii?"

Basi. Nilikuwa na jozi moja tu ya mirija ya akiba. Vyuma vingine tulivigonga taratibu vikatoka kwenye ile kalamu mbovu, na kipande cha mpingo kilikuwepo kwenye begi. Kutoboa kulimaliza asubuhi nzima maana mpingo haupendi haraka. Biti ikipata moto mti unapasuka, kwa hiyo unaingia kidogo, unatoa, unakung'uta unga, unasubiri. Nilipotaka kupaka gundi mjomba alinizuia, akanituma kwa dada wa chipsi nje ya karakana nikaombe kiazi kibichi kimoja. Nilidhani ana njaa. Alikikata kipande bapa, akakandamiza mwisho wa kila mrija humo, vikabaki vizibo vidogo vya kiazi ndani ya shaba. Gundi haikuingia hata tone. Baada ya kukauka tulivisukuma kwa msumari vikatoka.

Chombo changu cha meno manne alikipima kwa ncha ya kidole, akakirudisha. "Butu. Kwa mti huu kitamega." Akafanya lake. Alifunga ubao wa mviringo kwenye kichwa cha mashine yake kubwa, akaukereza uso wake mpaka ukawa bapa kabisa, akabandika msasa. Upande wa nyuma, mahali pa kushikia biti, alifunga chuma kilichonyooka cha milimita 6, akakizungushia seloteipu mara moja ili mrija usicheze. Kipande kikavishwa kwenye chuma, kikasogezwa kwenye msasa unaozunguka. Vidole havikuwa na uamuzi tena. Chuma kimeelekea katikati ya mashine, ubao umekerezwa kwenye mashine hiyohiyo, na skwea, yaani mwisho uliokaa sawasawa na mrija bila mshazari, imepatikana hapo bila kupima.

Alipaka wino wa makapeni kwenye miisho yote minne. Gusa, ondoa, tazama. Mara ya kwanza weusi ulifutika upande mmoja tu, nusu mwezi. Nilikuwa nimekata kwa msumeno kwa uangalifu wote, na bado ile nusu mwezi ilikuwepo. Gusa, ondoa. Nusu mwezi ikaongezeka. Kila baada ya miguso michache alinifanya niweke mwisho wa kipande mdomoni, kwenye ngozi ya juu ya midomo, nisikie kama kumepata joto.

"Shaba ikiwaka pete nzima, acha. Hata ikikutamanisha, acha."

Hilo la kuacha nilikuwa nimeshalilipia. Kalamu yangu ya pili maishani niliusaga mrija ukawa mfupi, kile kidude cha kuzungushia kikazama kupita mahali pake, na ncha ya wino ikawa haiingii ndani hata kalamu ikifungwa. Shati moja jeupe lilienda hivyo.

Umeme ulikatika saa kumi, ukarudi magharibi. Tulikereza kwa taa. Saa tatu usiku mjomba alipitisha ukucha wake, akazunguka pete, akanirudishia bila neno, akaenda kunawa.

Shuleni Jumamosi risala zilikuwa ndefu na biriani lilichelewa. Zamu yangu ilipofika nilimpa mama kiboksi, akafungua, akaivalia miwani kalamu yake. Aliizungusha ikafunguka, akaizungusha ikafunga. Nilikuwa namwangalia mikono tu. Mjomba alikuwa kiti cha nyuma yangu, na kalamu yangu mbovu, mti mtupu usio na vyuma, ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Alikuwa ameniomba awaonyeshe vijana wake wa karakana.

Mama akaandika jina lake nyuma ya karatasi ya ratiba. Akatazama mwandiko, akanitazama mimi.

"Nzuri sana, baba. Wino mwekundu haukuwepo?"

Jumatatu nzima nilizunguka Kariakoo. Kalamu hizi hazichukui mrija wa biki, zinataka ule wa aina ya Cross, na kila duka walikuwa na mweusi.