Kunyoosha Kamba

Ujumbe uliingia saa tisa kasoro, usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 20 Juni 2016. Mimi niliusoma saa mbili asubuhi, mkoba ukiwa bado begani.

"Unadhani tutanyamaza ? Tunajua siku hizi unatokea mlango wa nyuma. Jioni moja tutanyoosha kamba."

Basi, hayo tu. Mtumaji alijiita kwa jina la kubuni lenye tarakimu nne mwishoni, na mahali pa picha palikuwa na kile kivuli cha kijivu anachopewa kila asiyeweka sura yake. Nikausoma tena. Magoti yakalegea, nikakaa.

Wakati huo nilikuwa msaidizi katika ofisi ya mbunge mmoja mwanamke ambaye hapa nitamwita Mheshimiwa tu. Hakukuwa na mtu asiye na neno juu yake. Alikuwa mstari wa mbele kutetea mswada wa kusogeza mbele umri wa mfanyakazi kuchukua mafao yake, na wafanyakazi waliuona ni wizi wa mchana kweupe. Mimi pia niliuona mbaya. Nilimwambia hivyo siku aliponisaili, naye akaniajiri. "Nataka mtu atakayenisomea ya wanaonichukia bila kuyatia sukari," alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Kila asubuhi nilifungua yaliyoingia usiku na kuyagawa katika majalada matatu: Hasira, Matusi, Vitisho. Jalada la Hasira ndilo lililokuwa na mambo. Humo mtu alikuandikia kwamba amefanya kazi ya zamu miaka ishirini na mbili, akakutajia kila mwajiri, akakupigia hesabu ya alichokatwa mwezi hadi mwezi, kisha akauliza huyo mama anataka afe kwanza ndipo alipwe? Wengi wa hao hawakutumia majina yao, maana mwajiri naye anasoma mtandaoni. Jalada la Matusi lilinishangaza kwa sababu nyingine. Nilitarajia lijae vivuli vya kijivu, kumbe walikuwepo waliotukana kwa majina matatu kamili, na picha ya harusi juu. Mwaka huohuo watafiti wa Zürich walichapisha uchambuzi wa maoni zaidi ya laki tano kwenye tovuti moja ya Ujerumani ya kukusanya saini za malalamiko, wakaona kwamba walioandika kwa majina halisi walikuwa wakali kuliko waliojificha. Anayejiona anatetea haki haoni sababu ya kuficha uso.

Jalada la Vitisho lilikuwa jembamba. Na karibu yote humo hayakugusa mswada. Yaligusa mwili wa Mheshimiwa. Mbunge mwenzake mwanamume aliyeutetea mswada uleule aliitwa mwizi na msaliti; yeye aliandikiwa atakachofanyiwa na mahali atakapofanyiwa. Oktoba ya mwaka ule Umoja wa Mabunge Duniani ulitoa matokeo ya mahojiano na wabunge wanawake 55 wa nchi 39. Asilimia 44.4 yao walisema wamewahi kutishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa. Nilipoiona ile takwimu sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa nimeshaisoma, ujumbe mmoja mmoja, kila asubuhi.

Sasa rudi siku nne nyuma. Alhamisi ya tarehe 16 Juni, Jo Cox, mbunge wa Uingereza mwenye umri wa miaka 41, aliuawa kwa risasi na kisu mbele ya maktaba ya Birstall alikokuwa akienda kukutana na wapiga kura wake. Habari zilipofika ofisini kwetu hakuna aliyeongea. Mheshimiwa alisoma hadi mwisho, akafunga kompyuta, akaenda kusimama dirishani. Halafu akaondoka dirishani, haraka, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Kesho yake aliniita. Alitaka orodha ya kila akaunti ya jina la bandia iliyowahi kumwandika, ipelekwe polisi. "Yote," alisema. "Asiyeonyesha uso ana sababu."

Nilijua anamfikiria nani hasa. Kulikuwa na akaunti moja iliyokuwa ikichapisha mahudhurio yake bungeni, kura zake, na safari zake pamoja na aliyezilipia. Haikuwahi kutukana hata mara moja. Kila ilichokiandika nilikikagua, na kila mara nilikuta ni kweli. Bila shaka alikuwa mtu wa ndani, mwenye ajira ya kupoteza. Huyo ndiye aliyemnyima Mheshimiwa usingizi, kuliko hata waliomtishia.

"Huyu hawezi kuingia orodha moja na wale," nilimwambia. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1787 na 1788 wanasiasa Hamilton, Madison na Jay waliitetea katiba mpya ya Marekani magazetini wakijiita Publius.

"Publius hakumwambia mtu atamchinja."

"Na huyu pia hajamwambia mtu hivyo, Mheshimiwa."

Akasema basi itungwe sheria kila mtu ajisajili kwa jina lake, ugomvi uishe. Nikamwambia Korea Kusini ilijaribu. Tangu 2007 ilizilazimisha tovuti kubwa kuhakiki utambulisho wa kila anayetoa maoni. Mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja ya mtandao, na Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaitupa sheria. Akanisikiliza huku akichezea kifuniko cha kalamu. Sikujua kama nimemshawishi au amechoka tu. Mwishowe alisema niandae vitisho peke yake, tuone.

Ndiyo maana Jumatatu ile niliwahi kufika.

Marehemu baba yetu alikuwa mwashi. Kabla ya kupanga tofali la kwanza alipigilia vigingi viwili na kukaza kamba kati yake, na nyumbani msemo huo ukahamia kwenye kila kitu. Watoto wakigombana, baba aliketi katikati na kusema, "Haya, tunyoosheni kamba," maana yake kila mmoja aseme lake mpaka mambo yakae sawa. Mtu mwingine anaweza kuyatamka maneno hayo, sikatai, lakini mimi sijawahi kuyasikia kwa maana ile nje ya nyumba yetu. Na ile nafasi kabla ya alama ya kuuliza. Nilikuwa nayo simuni miaka nenda rudi: "Umekula ?" "Mama anaendeleaje ?" "Utakuja lini ?"

Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 1964 wanatakwimu Mosteller na Wallace walitafuta mwandishi wa makala 12 za Publius zilizokuwa zikibishaniwa. Waliacha hoja kubwakubwa, wakahesabu vineno ambavyo mwandishi havifikirii. Hamilton alikipenda kimoja cha Kiingereza, "upon". Madison hakukitumia ila kwa nadra. Makala zikaangukia kwa Madison. Asubuhi ile sikuwa nimesoma lolote la namna hiyo. Niliutambua mwandiko kama unavyotambua kikohozi cha mtu gizani.

Lakini kilichonilegeza magoti hasa kilikuwa mlango wa nyuma. Mheshimiwa alianza kuutumia Ijumaa. Tuliojua tulikuwa watu wanne. Na Jumamosi, mimi mwenyewe, nikisimulia jinsi ofisi nzima ilivyoingiwa na hofu, nilimtajia mdogo wangu.

Jioni nilimwendea. Alikuwa peke yake. Nilimpa simu ikiwa na ule ujumbe, sikusema kitu. Alitazama kioo kwa muda mrefu kuliko ambavyo maneno kumi na matatu yanahitaji kusomwa.

"Kaka, yalikuwa maneno tu."

"Ya nani?"

"Nilikuwa na hasira. Usiku huo wote walikuwa wanaandika. Mmoja anaweka kali, mwenzake anaweka kali zaidi. Mimi nikaweka yangu. Nilidhani ataisoma nani ?"

Hata kwa kinywa chake niliisikia ile nafasi kabla ya kuuliza. Ndivyo anavyoongea, anavuta pumzi kidogo kwanza.

"Nimeisoma mimi," nikamwambia.

Alikuwa amepunguzwa kazini miezi saba kabla, baada ya miaka kumi na tisa. Mafao yake yalikuwa mfukoni mwa mfuko, na kwa mswada ule asingeyagusa mpaka nywele zigeuke. Hasira yake niliijua, niliikubali, na kama angeiandika vile ilivyo ningeiweka jalada la kwanza na kuisoma kwa sauti mbele ya Mheshimiwa. Nilimwambia hivyo. Akauliza mbona wengine wameandika makubwa zaidi na hakuna aliyewafuata. Nikamjibu kwamba wengine hawakujua mlango.

Aliniomba niufute. Ilikuwa rahisi, nakiri. Ningebonyeza mara mbili. Na nilimjua: mdogo wangu hajawahi kumpiga mtu. Ila yule mama ofisini hakumjua. Yeye aliletewa kivuli cha kijivu kinachojua anatokea wapi. Nami nilikuwa nimesoma mwisho wa juma lile kwamba polisi wa London walikuwa wamemkamata mtu mwezi Machi kwa kumwandikia Jo Cox ujumbe mbaya, na hakuwa yeye aliyemuua. Anayeandika na anayeua wanaweza kuwa watu wawili tofauti kabisa. Anayeandikiwa hana njia ya kujua yupi ni yupi, kwa hiyo huogopa wote, na huacha kusimama dirishani.

"Nitaupeleka," nilimwambia. "Lakini sitaupeleka kana kwamba sijui ni wa nani."

Alinyamaza. Nilipoondoka hakunisindikiza.

Asubuhi nikamweka Mheshimiwa orodha mezani. Mistari sita. Akaunti ya mahudhurio haikuwemo, na nilimweleza kwamba akitaka iwemo atafute mwingine wa kuiandika. Kwenye mstari wa sita nilikuwa nimeandika jina kamili na namba ya simu. Akaweka kidole pale.

"Huyu umempataje?"

"Ni mdogo wangu. Na mlango wa nyuma nilimwambia mimi."

Nilitarajia anifukuze, nilikuwa nimeshatoa vitu vyangu kwenye droo. Alikaa. Aliniuliza kama mdogo wangu ni mtu wa kutenda, nikasema hapana. Akaniuliza alikuwa na miaka mingapi kazini, nikasema kumi na tisa. Akaiandika namba hiyo pembeni mwa karatasi, 19, akaizungushia duara, na hakusema kitu kingine. Sikuwahi kujua aliifanyia nini. Mswada ulipofika bungeni aliupigia kura ya ndiyo.

Orodha ilikwenda polisi na mistari sita. Mdogo wangu aliitwa, akahojiwa saa tatu nzima, akaandika maelezo na kupewa onyo. Akaunti aliifunga mwenyewe. Nami hakunitafuta Julai yote, wala Agosti, na mama alipouliza kulikoni kila mmoja wetu alimwambia ni shughuli.

Septemba nilichelewa kutoka kazini siku ya mvua kubwa, barabara zimefungwa. Nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma nikisubiri ipungue, simu ikatetemeka mfukoni. Lilikuwa jina lake.

"Umefika salama ?"