Daktari Mweusi wa Misonobarini

Kusini mwa New Jersey, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Philadelphia, nyumba zinaanza kupungua na misonobari inakuzunguka pande zote. Huko ndiko Pine Barrens. Ardhi ni mchanga mweupe wenye tindikali, na mito yake ina maji mekundu kama chai ya rangi, kwa sababu ya chuma kilichomo ardhini na mierezi iliyosimama majini. Walowezi wa zamani walijaribu kulima nafaka wakashindwa. Kilichokubali ni kranberi, tunda dogo jekundu, chachu, linaloota kwa kutambaa kwenye mabonde ya kinamasi. Nilifanya kazi huko msimu wa mavuno wa mwaka 2016, baada ya kupata visa kwa bahati nasibu na kabla sijapata kazi ya kudumu mjini.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga, Mbarali, mkoani Mbeya. Nilipoyaona mashamba yale nilijisikia nyumbani: matuta, mifereji, milango ya maji, majaruba yaliyopangwa moja baada ya jingine. Wakati wa mavuno jaruba hujazwa maji, mashine hupita ikiyapukutisha matunda, nayo huibuka yenyewe, kwa sababu kila tunda lina vyumba vinne vya hewa ndani. Sisi tulikuwa tunaingia humo na suruali za mpira zinazofika kifuani, tukiyakusanya kwa kamba zenye maboya hadi kwenye bomba la kuyafyonza. Ziwa zima jekundu. Sijaona shamba lenye sura nzuri kuliko lile.

Mchana tulipopumzika, stori zilikuwa za mizimu. Msitu ule una vijiji vilivyokufa, Martha, Harrisville na vingine, vilivyoishi kwa kuyeyusha chuma au kutengeneza karatasi, kisha kazi ikaisha, watu wakahama, zikabaki kuta na mashimo. Nyapara wetu, mzee wa Puerto Rico aliyelima huko tangu ujana wake, alikuwa na habari ya kila kona. Kubwa kuliko zote ni ile ya Shetani wa Jersey. Inasemekana mwaka 1735 mwanamke aitwaye Mama Leeds, akiwa na mimba ya mtoto wa kumi na tatu, alichoka akalaani: huyu na awe shetani. Mtoto alipozaliwa akaota mabawa ya popo, kichwa cha farasi na kwato, akatokea kwenye dohani na kupotelea msituni. Januari 1909 mkoa mzima ulishikwa na hofu kwa wiki nzima. Watu walisema wameona alama za kwato kwenye theluji, shule nyingine zikafungwa, na baadhi ya wafanyakazi wa viwandani wakakataa kutoka nyumbani.

Lakini kulikuwa na mzimu mwingine ambao nyapara aliutaja kwa upole. Daktari Mweusi. "Alikuwa mtu wa rangi yako," aliniambia. "Alitibu watu kwa mitishamba. Wazungu walipojua, wakamnyonga. Hata hivyo hana kinyongo. Ukipotea msituni au ukiumia, yeye ndiye anakuja."

Nilisikiliza, nikanyamaza. Nilikuwa mtoto mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipovuka kutoka Zanzibar ukafika bara, na niliona watu wazima wenye akili zao wakilala nje kwa makundi. Tangu hapo sijawahi kumcheka mtu anayeuogopa usiku.

Usiku wenyewe ulikuwa wa katikati ya Oktoba. Utabiri ulisema kutakuwa na jalidi. Majaruba yako chini kuliko ardhi inayoyazunguka, na hewa baridi hutuama humo. Barabarani unaweza kuona umande tu, na huku chini matunda yanaganda. Njia ya kuyaokoa ilinishangaza nilipoiona mara ya kwanza: yanamwagiwa maji. Vinyunyizio huzunguka usiku kucha, maji yanaganda juu ya majani, na yanapoganda yanatoa joto linalotosha kulilinda tunda. Ila yasisimame. Kinyunyizio kikiziba kwa mchanga, kipande chake cha shamba kinaharibika kabla ya alfajiri. Kwa hiyo pampu zikishawaka, watu hutembea juu ya matuta na tochi, wakitazama na kusikiliza. Nilipewa majaruba ya mwisho, yanayopakana na msitu. Nyapara akanivalisha koti lake la mvua, jeusi, refu hadi vifundoni, lenye kofia.

Ilikuwa imepita saa saba niliposikia ukelele. Mbweha wa kule hulia kama mtu, na nilikuwa nimeshamzoea. Huu haukuwa wa mbweha. Nikasimama juu ya tuta, maji yakininyeshea mgongoni, nikasema Baba Yetu yote hadi mwisho. Kisha nikaona taa mbili nyekundu kati ya miti, zimetulia, ziko chini sana. Miguu ilikataa. Nilijilazimisha kwa kuhesabu vinyunyizio, kimoja, kingine, hadi nikafika pembeni mwa msitu, na hapo nikaona kwamba ni taa za nyuma za gari lililozama mchangani.

Mchanga wa Pine Barrens wenyeji huuita mchanga wa sukari, na haumwachii dereva asiyeujua, wala anayeujua akiwa na haraka. Karibu na mlango wa gari alikuwa amekaa bibi mmoja mzungu, wa umri wa mama yangu mkubwa. Alikuwa akienda kwa dada yake, akakata njia ya msituni inayoendelea lami inapoishia, kupita mnara wa Emilio Carranza. Huyo alikuwa rubani kijana wa Mexico aliyeanguka hapo Julai 1928 katika dhoruba, akirudi kwao kutoka New York, na mnara wake wa jiwe wenye tai anayeanguka ulijengwa kwa michango ya watoto wa shule wa Mexico. Njia ile ni fupi kwenye ramani tu. Bibi alipokwama alishuka, akateleza, akauangukia mkono.

Nilimmulika usoni kidogo, nikashusha tochi nisimtishe. Hakushtuka. Alinitazama akasema, "Umekuja."

Nilidhani amepiga simu kwao na ananichukulia kuwa nimetumwa. Nikamjibu, "Nimekuja, mama." Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba na kupinda. Shuleni tuliwahi kufundishwa huduma ya kwanza na watu wa Msalaba Mwekundu, na hilo ni somo ambalo sijalisahau. Nikavunja ubao wa kreti kuukuu lililokuwa kwenye tuta, nikaulaza mkono juu yake, nikaufunga kwa shali yangu, nikamning'inizia shingoni. Alikuwa anatetemeka, nikamweka ndani ya gari na kuwasha kipasha joto. Kisha nikapunguza upepo kwenye matairi, nikakata matawi ya msonobari na kuyatandika mbele ya magurudumu. Gari lilitoka kwa kugugumia. Nililiendesha taratibu hadi kwenye lami, ambako nyumba ya dada yake ilikuwa inaonekana, taa ya kibarazani inawaka.

Alisema pale ataweza mwenyewe kwa mkono mmoja. Akaniuliza anilipe nini. "Hakuna malipo, mama. Nenda ukatibiwe." Nikasimama kando ya barabara hadi gari lilipoingia uani, kisha nikakimbia kurudi, maana pampu hazingoji. Vinyunyizio viwili vilikuwa vimeziba. Nilivizibua kwa waya na vidole visivyohisi kitu.

Siku chache baadaye tulikwenda na nyapara dukani Chatsworth kunywa kahawa. Chatsworth ni kijiji kidogo, lakini wenyewe wanakiita makao makuu ya Pine Barrens, na kila Oktoba watu humiminika kwa sikukuu ya kranberi. Mwanamke wa kaunta alikuwa na habari moto. Daktari Mweusi ameonekana! Bibi fulani amekwama msituni usiku wa manane, hana mtandao, mkono umevunjika, na mara akatokea mtu mweusi kwenye ukungu, koti refu la kizamani, maji yanamdondoka. Amemfunga mkono vizuri hadi hospitali wameshangaa. Amekataa malipo. Akatoweka.

Nyapara aligeuka akanitazama koti, maana nilikuwa nimelivaa. "Huyo daktari wako," akamwambia, "ndiye huyu anayekunywa kahawa."

Mwanamke alinikagua toka juu hadi chini, kwa heshima tu, wala hakuwa na ubaya. Akatikisa kichwa. "Hapana. Yule alikuwa mzee."

Niliondoka pale nimeumia kuliko nilivyotegemea. Sikutaka sifa. Nilikuwa nimesimama mbele ya yule bibi na mikono yangu, shali yangu, jina langu, na katika masimulizi yote hayo sikuwemo. Na nikaanza kujiuliza juu ya yule mwingine: kabla hajawa mzimu, alikuwa nani?

Jumapili ile nilikwenda maktaba. Anaitwa James Still. Alizaliwa Aprili 1812 katika Pine Barrens hiyo hiyo, kwa wazazi waliotoka utumwani Maryland. Baba alijinunua. Mama alitoroka, akalazimika kuwaacha nyuma watoto wawili wa kiume. Mdogo wa James, aitwaye William Still, ndiye yule wa Philadelphia aliyesaidia mamia ya watumwa waliokimbia na kuandika habari zao zote, na siku moja akamhoji mgeni aliyetoka kusini akagundua kwamba ni kaka yake, Peter, mmoja wa wale wawili walioachwa. James alisoma shule miezi michache tu. Tangu utotoni, daktari alipofika kwao kuchanja watoto, alitaka udaktari. Hakuna chuo kilichomfungulia mlango. Akajifunza mwenyewe kwa vitabu, akikamua mafuta ya sasafrasi na mimea mingine na kuyauza Philadelphia, hadi watu wakaanza kumfuata hapo Medford, weusi kwa weupe. Akawa miongoni mwa wenye ardhi kubwa pale mjini. Mwanawe alihitimu udaktari Harvard mwaka 1871. Mwaka 1877 James Still akachapisha habari za maisha yake kwa mkono wake mwenyewe.

Nilitafuta sehemu aliponyongwa. Haipo. Hakunyongwa.

Siku ile ile nilisoma pia habari za Mama Leeds, na humo nako nikakuta watu. Leeds ni ukoo wa kweli. Daniel Leeds alichapa almanaka, yaani kitabu cha kalenda, mwaka 1687, waumini wenzake wa dhehebu la Kikristo la Wakweka (Quakers) wakaikataa kwa sababu ya unajimu uliomo, wakagombana miaka na miaka, hadi mwaka 1700 wakamtangaza kwa maandishi kuwa mtangulizi wa Shetani. Mimi naamini yule kiumbe mwenye kwato ana uhusiano mkubwa na ugomvi huo kuliko na mimba ya mtu yeyote. Jirani unayemchukia anaota mabawa. Jirani mweusi uliyemhitaji, ukaona aibu kwamba ulimhitaji, unampa kitanzi na kumgeuza pepo mwema. Hilo la pili linaniuma zaidi, kwa sababu wanaolisimulia wanadhani wanamheshimu.

Nyapara alimpelekea bibi ujumbe. Alikuja shambani mwishoni mwa wiki, mkono kwenye plasta, shali yangu imefuliwa na kukunjwa. Alinitazama muda mrefu. "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Nimewahadithia wajukuu wangu kwamba ni yeye." Alikaa kwenye kreti. Alisema bibi yake ndiye aliyemsimulia habari za Daktari Mweusi, na usiku ule, kabla sijafika, alikuwa amemwita kwa sauti. Nikaielewa ile "umekuja". Sikuwa na la kumlaumu. Mtu aliyevunjika mkono gizani ana haki ya kumwita anayemjua.

Nikamweleza niliyoyasoma. Alikuwa hajui kwamba nyumba ya kazi ya Dk. Still bado ipo Medford, Church Road, na kwamba jimbo la New Jersey liliinunua mwaka 2006. Yeye amezaliwa mwendo mfupi tu kutoka hapo. "Utanipeleka?" akauliza. Mavuno yalipokwisha nikampeleka, nikiendesha gari lake.

Ni nyumba ndogo, ya mbao, kando ya barabara ambayo magari hupita bila kupunguza mwendo. Mzee mmoja anayejitolea kuwapokea wageni alituonyesha picha na kutueleza habari za dawa zake, vidonda alivyotibu, wagonjwa waliotoka mbali. Bibi alisikiliza yote, kisha akauliza lile lililomleta: walimnyonga wapi?

"Hakuna aliyemnyonga," mzee alimjibu, bila kukasirika. Nadhani ameshaulizwa mara nyingi. "Alifariki mwaka 1882. Kiharusi. Alikuwa amekaribia miaka sabini."

Bibi hakusema kitu. Mlangoni palikuwa na daftari la wageni, na kwa sababu ya plasta akaniomba nimwandikie. Nikaandika jina lake. Nilipoandika langu akataka nimtajie herufi moja moja, akalirudia hadi akalipatia. Njiani alimpigia dada yake simu, akaanza kumsimulia upya habari ya usiku ule, kuanzia kwenye mnara wa Carranza, na alipofika kwenye tochi akasema kijana wa Kitanzania anayelinda kranberi, akanigeukia kuuliza kama mkoa ni Mbeya au Mbarali.