Mstatili kwenye AutoCAD: achana na mistari minne

Wakati najifunza AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, kila niliyemuuliza jinsi ya kuchora mstatili aliniambia kitu kilekile, eti chora mistari minne kwa LINE, komandi ya mstari, ndo utaielewa programu. Ushauri mbovu kabisa huo, mpaka leo nikiusikia naudhika.

Niliufuata. Chumba cha milimita 4000 kwa 3000, mistari minne, F8 imewashwa ili mistari inyooke wima na mlalo, kwa macho kiko safi. Kwenda kuweka hachi, yaani michirizi ya kujaza eneo, inagoma, inadai eneo halijafungwa. Nikaanza kuzuum kona moja moja, zote zinaonekana zimegusana, nazuum tena, nazuum tena, mpaka kona ya juu kulia ndo naona upenyo mwembamba kama unywele kati ya mistari miwili. Huo tu umezuia hachi nzima! Na hata ukiuziba bado una vipande vinne vya kuhangaika navyo.

Siku hizi naandika REC, komandi ya mstatili, enta, naklik kona ya kwanza, @4000,3000, enta, basi. Hiyo @ usiiache, ndo inaiambia programu ihesabu kuanzia kona uliyoklik na sio kutoka sifuri ya mchoro. Unapata polilaini moja iliyofungwa, yaani pande zote ni kitu kimoja, kwa hiyo ukuta wa milimita 150 ni ofseti (nakala sambamba kwa umbali unaotaka) moja tu, pande zote nne zinatoka kwa mpigo na kona zake. Ila jua kwanza kipimo ulichopewa ni cha ndani au cha nje, maana ukiofseti kwenda ndani chumba kinabaki 3700 kwa 2700.

Kuna siku nimekaa kwenye kompyuta ya mwenzangu, programu kaiacha wazi, kila mstatili unatoka na kona za mviringo. Kumbe alikuwa ameweka Fillet, yaani kuviringisha kona, na REC inaikumbuka. Dawa yake REC, F, 0. Soma mstari wa komandi kabla ya kuklik, huwa imeandikwa pale.

Halafu kuna hii ninayojivunia kweli, wengi hawaijui. Unataka mita za mraba 12 na urefu umebanwa 3200? Usishike kalkuleta. REC, klik kona, A (eneo), 12000000 maana mchoro uko kwa milimita, L (urefu), 3200. Upana wa 3750 inautafuta yenyewe. Tena hiyo milioni 12 iandike bila koma hata moja, koma kwa AutoCAD inatenganisha X na Y.