Kumbukumbu ya mradi: kanuni za kujiunga na ligi yetu ya kuigiza mbio za skii

Kanuni za kujiunga zimekamilika, isipokuwa kipengele kimoja nitakachokifikia huko chini. Kwa anayeukuta mradi huu kwa mara ya kwanza: ni mashindano ya kubuni ya skii za milimani. Kila mchezaji anaunda mwanaskii wake, anamwandikia maisha yake ya mbio, na matokeo yanatokana na maamuzi ya mchezaji pamoja na kete za mwamuzi.

Jambo lililonishughulisha kuliko yote ni hili: mtu aliyeketi kwenye kiti atawezaje kuonja kile anachokipata mwanaskii pale kwenye geti la kuanzia, anapojua kwamba akijizuia atapitwa na akijiachia huenda asifike chini? Mchezo usipojibu swali hilo unabaki kuwa bahati nasibu yenye majina ya milima. Kwa hiyo karibu kila kanuni niliyoandika msimu huu inazunguka hapo.

Kuingia kwenyewe ni rahisi. Mchezaji mmoja, mwanaskii mmoja, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi. Nchi yoyote inakubalika, iwe na theluji isiwe nayo. Wapo waliopendekeza nchi za joto ziwekewe kikomo ili mchezo uonekane wa kweli, nikakataa, maana mbio za kweli zenyewe zimeshawapokea watu hao: Kwame Nkrumah-Acheampong alishuka slalomu (mbio za kupindapinda kati ya nguzo zilizokaribiana) ya Olimpiki kwa bendera ya Ghana huko Vancouver mwaka 2010, na Sabrina Simader akaiwakilisha Kenya huko Pyeongchang mwaka 2018. Mchezaji anayetaka kuanza na mhusika wa namna hiyo aje kwa moyo mmoja. Hapewi adhabu wala upendeleo.

Marufuku ni kutumia jina la mwanaskii halisi, awe anashindana bado au amestaafu. Wahusika wetu wanaanguka, wanapasuka kano za goti, wanagombana na makocha, wanaachwa nje ya timu. Mtu aliye hai asiandikiwe mambo hayo na mgeni asiyemjua. Kwenye hili sitalegeza.

Milima lakini ni ya kweli. Kalenda inafunguliwa kwenye barafu ya Rettenbach huko Sölden kwa slalomu kubwa, ambayo nguzo zake zimeachana zaidi, inakwenda Levi, inashuka Val Gardena, kisha inaingia Januari, mwezi mtamu kuliko yote: Adelboden, Wengen, Kitzbühel, na slalomu ya usiku ya Schladming. Nimeandika maelezo ya kila njia ili hata asiyewahi kuitazama ajue anaingia wapi.

Mwanaskii mpya anapewa pointi 20 za uwezo, za kugawanywa katika mambo manne: kasi, ufundi wa geti (kupita kati ya nguzo zinazoonyesha njia), miguu na utulivu. Hakuna cha chini ya 2 wala cha kuzidi 8. Mwenye kasi kubwa atang'ara kwenye daunhili, mbio za kasi kuliko zote, na kuhangaika kwenye slalomu, na kinyume chake. Miguu inahesabiwa zaidi kwenye njia ndefu.

Sasa kiini chenyewe. Kabla ya kila mshuko mchezaji anamtumia mwamuzi, kwa siri, kiwango cha kuthubutu kuanzia 1 hadi 5. Kila kiwango kinachozidi 1 kinampunguzia sekunde 0.25, kwa hiyo anayechagua 5 anapata sekunde nzima. Kisha mwamuzi anarusha kete mbili. Jumla ikiwa sawa na kiwango alichochagua au ndogo zaidi, amekosa geti au ameanguka, na mbio zake zimekwisha. Kwa kuwa kete mbili haziwezi kutoa chini ya 2, kiwango cha 1 ni salama kabisa. Kiwango cha 3 kina hatari ya matokeo 3 kati ya 36, cha 4 kina 6, na cha 5 kinaruka hadi 10. Anayethubutu 5 kwenye mishuko yote miwili ya slalomu atafika chini mara zote mbili katika kama nusu tu ya mbio zake. Nimeupenda mpando huo kwa sababu haupandi sawasawa: hatua ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote, kama ilivyo kwa anayejaribu kukwangua sehemu za mwisho za mia za sekunde. Mwenye utulivu wa 6 au zaidi anaweza kurudia kete mara moja katika mbio nzima.

Kwenye slalomu na slalomu kubwa, mshuko wa pili unafuata utaratibu wa Kombe la Dunia la skii, ila kwa idadi yetu. Kule wanaskii 30 bora wa mshuko wa kwanza wanarudi, wa 30 akitangulia na kinara akishuka mwisho. Sisi tunarudisha 15. Kinara anakuta njia imeshachimbika, kwa hiyo kila aliyemtangulia kwenye mshuko wa pili anamwongezea sekunde 0.02, na vivyo hivyo kwa wengine.

Jaribio moja lilinionyesha kwamba tumefika. Wanaskii wawili walikuwa na uwezo uleule wa slalomu. Baada ya mshuko wa kwanza mmoja aliongoza, na mwingine alikuwa wa nne, nyuma yake kwa sekunde 0.62. Kinara akatuma kiwango cha 2, chaguo la mtu mwenye busara. Wa nne akatuma 5. Kete zake zikatoka 4 na 2, jumla 6, moja tu juu ya kuanguka. Akapata sekunde yake nzima dhidi ya 0.25 ya mwenzake, kinara akalipa pia 0.06 zaidi yake kwa mashimo ya waliomtangulia, na ushindi ukahama kwa sekunde 0.19. Mchezaji aliyekuwa akiongoza aliniandikia usiku ule akitaka kujua mbio zinazofuata ni lini.

Palibaki suala la uandishi. Huu ni mchezo wa kuigiza, na bila maandishi unakuwa hesabu tupu, lakini sikutaka mwenye kalamu nzuri anunue kasi. Jibu limeingia kwenye kanuni ya 9, na ninainakili yote kwa sababu ndiyo ninayoijali zaidi:

"Anayechagua kiwango cha 4 au 5 ataje sehemu ya njia anakothubutu, na aeleze mwanaskii wake anafanya nini hapo, kwa maneno 60 hadi 150. Asipofanya hivyo mwamuzi atahesabu kiwango cha 3."

Uzuri wa lugha haupimwi. Kinachodaiwa ni kujua mlima. Chukua Wengen. Njia ya Lauberhorn ni ndefu kuliko zote za daunhili kwenye Kombe la Dunia, kama kilomita 4.4, na mtu yuko juu yake kwa karibu dakika mbili na nusu. Mchezaji anaweza kuthubutu pale Hundschopf, anaporuka kando ya mwamba bila kuona anakotua. Anaweza kuchagua Kernen-S, kona mbili nyembamba ambako kasi ikipotea hairudi hadi mbali. Anaweza kujikunja kwenye Haneggschuss, sehemu ya kasi kuliko zote, ambako mwaka 2013 Mfaransa Johan Clarey alipimwa akienda kilomita 161.9 kwa saa. Au anaweza kubakiza nguvu kwa zile kona za mwisho kabla ya mstari, miguu ikiwa imeshakufa. Hayo ni maamuzi manne tofauti na mtu mmoja hawezi kuyaandika kwa aya ileile. Anayeandika tu "ninakwenda kwa nguvu zote" anapata 3, na mwamuzi ameagizwa asimhurumie.

Daunhili ina sharti la ziada. Katika mbio halisi huwezi kushindana bila kushiriki mazoezi rasmi ya njia hiyo, kwa hiyo kwetu asiyetuma ripoti ya mazoezi kabla ya muda kufungwa haanzi. Supa-G, mbio zilizo kati ya daunhili na slalomu kubwa, haina mazoezi, kuna ukaguzi wa njia tu asubuhi, basi kila mchezaji anapewa maelezo ya njia na nafasi ya kumuuliza mwamuzi swali moja. Hilo swali moja limeleta utamu nisioutarajia. Watu wanalitunza kama akiba.

Pointi za msimu ni zilezile za Kombe la Dunia: 100 kwa mshindi, 80, 60, 50, 45, 40, zikishuka hadi 1 kwa wa 30. Muda ukilingana hadi sehemu ya mia, wote wawili wanachukua nafasi hiyo na hakuna kete ya kuwatenganisha. Mwaka 2014 kwenye Olimpiki ya Sochi Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi walimaliza daunhili kwa 1:41.57 na kila mmoja akavaa dhahabu. Sioni sababu ya kuwa wakali kuliko Olimpiki.

Asiyetuma maagizo kwa mbio mbili mfululizo bila taarifa, nafasi yake inakwenda kwa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Mwenye udhuru aseme mapema; mwanaskii wake atahesabiwa mgonjwa na kurudi na pointi zake zote.

Kilichobaki ni hali ya hewa. Upepo au ukungu ukizidi, waandaaji hushusha mahali pa kuanzia na njia inakuwa fupi. Tatizo ni mchezaji aliyekwisha tuma kiwango cha 5 akilenga sehemu ya juu ambayo sasa haitumiki. Wasaidizi wangu wawili wanasema agizo likishatumwa limetumwa. Mimi naelekea upande mwingine, kwani mwanaskii halisi anaambiwa kabla ya kupanda na anaupanga upya mshuko wake. Nafikiria kuwapa walioathirika saa 12 za kubadilisha. Tutaijaribu kwa Wengen iliyofupishwa, kuanzia chini ya Hundschopf, na hilo likishaamuliwa fomu ya usajili inafunguliwa.